Hitler Hakupindua Serikali, Alikabidhiwa

Watu wengi huamini kwamba Adolf Hitler aliingia madarakani kwa mtutu wa bunduki. Alijaribu kweli, mjini Munich, Novemba 1923. Jaribio hilo likazimwa na yeye akafungwa. Alipofika kwenye ofisi ya kansela wa Ujerumani miaka tisa baadaye, alipita mlango wa mbele, akiwa ameteuliwa na rais wa nchi kwa mujibu wa katiba. Hilo linapaswa kutushughulisha kuliko lile la bunduki, kwa sababu namna alivyopewa nchi yake ndivyo alivyokuja kupewa nchi za wenzake.

Tutazame kura. Katika uchaguzi wa 1928 chama chake cha Nazi kilipata asilimia 2.6 tu. Mwaka uliofuata uchumi wa dunia ukaporomoka, mikopo ya Marekani iliyokuwa ikiibeba Ujerumani ikakauka, na kufikia 1932 Wajerumani wapatao milioni 6 hawakuwa na kazi. Julai mwaka huo Wanazi walipata asilimia 37.3 na kuwa chama kikubwa kuliko vyote bungeni. Lakini uchaguzi uliporudiwa Novemba walishuka hadi 33.1. Hazina ya chama ilikuwa tupu. Katika uchaguzi huru Hitler hakuwahi kufikisha nusu ya kura.

Waliomnyanyua ni wakubwa wachache. Franz von Papen, kansela wa zamani aliyetaka kurudi karibu na madaraka, alimshawishi Rais Paul von Hindenburg, mzee wa miaka 85, kwamba Hitler apewe cheo na azungukwe na watu wa kuaminika. Baraza la mawaziri lililoapishwa tarehe 30 Januari 1933 lilikuwa na Wanazi watatu tu, Hitler mwenyewe akiwamo, na Papen akiwa makamu wake. Hesabu yao ilikuwa kwamba umati wa Hitler utawasaidia kuwanyamazisha Wakomunisti na vyama vya wafanyakazi, na baada ya hapo yeye atadhibitiwa.

Hawakujali ni wizara zipi walizompa. Wilhelm Frick alichukua mambo ya ndani ya taifa zima. Hermann Göring akachukua mambo ya ndani ya Prussia, jimbo lililokuwa na zaidi ya nusu ya wananchi wote, pamoja na polisi wake.

Usiku wa tarehe 27 Februari jengo la bunge likashika moto, na kijana wa Kiholanzi, Marinus van der Lubbe, akakamatwa humo ndani. Kesho yake, uchunguzi ukiwa bado haujafika popote, Hindenburg alitia saini amri ya dharura kwa kutumia ibara ya 48 ya katiba. Uhuru wa kusema, wa magazeti na wa kukusanyika ukasitishwa, pamoja na usiri wa barua na simu; mtu akaweza kuwekwa kizuizini bila kumwona hakimu. Ibara hiyo haikutungwa na Wanazi. Makansela waliotangulia walikuwa wakiitumia tangu 1930 kila bunge liliposhindwa kuafikiana, hata wananchi wakazoea kuongozwa kwa amri za rais. Kwa maoni yangu mazoea hayo yaliidhuru Ujerumani kuliko hotuba zote za Hitler.

Tarehe 23 Machi wabunge walikutana katika jumba la opera la Kroll kupigia kura sheria ya kuiruhusu serikali kutunga sheria bila bunge. Ilihitajika theluthi mbili. Wabunge 81 wa Kikomunisti hawakuwapo: baadhi walikuwa korokoroni, wengine wamejificha au wamekimbia nchi. Wanamgambo wa chama wenye sare za kahawia walijipanga kando ya kuta, na wenzao nje walipiga kelele wakidai sheria ipite. Otto Wels, kiongozi wa chama cha kisoshalisti cha SPD, alisimama mbele ya watu hao akapinga, na wabunge wote 94 wa chama hicho waliohudhuria, yeye akiwamo, wakapiga kura ya hapana. Chama cha Wakatoliki kilikubali, baada ya Hitler kuahidi kwamba haki za Kanisa zitalindwa. Kura za ndiyo zikawa 444. Zilikuwa zimepita siku 52 tangu aapishwe.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mei Mosi ilitangazwa kuwa sikukuu ya wafanyakazi yenye malipo, vyama vyao vikaandamana. Asubuhi ya Mei 2 ofisi zao zilivamiwa na viongozi wao wakakamatwa. Kufikia tarehe 14 Julai chama halali kilikuwa kimoja tu. Hindenburg alipofariki Agosti 1934, wanajeshi waliapa kumtii Hitler kwa jina lake.

Utawala wa namna hii kwa nini hautulii ndani ya mipaka yake? Hitler alikwisha kuandika kitabuni mwake kwamba Wajerumani wanahitaji ardhi ya mashariki. Uchumi wake nao ulimsukuma huko huko. Kazi zilizorudi zilitegemea sana silaha, na silaha zinahitaji chuma, mpira na mafuta kutoka nje, ilhali fedha za kigeni zilikuwa haba. Tarehe 5 Novemba 1937 aliwaambia wakuu wa majeshi wazi kwamba suala la ardhi litaamuliwa kwa nguvu. Alipoimeza Austria Machi 1938, dhahabu ya benki kuu yake ilihamia Berlin.

Wa kumzuia walikuwapo, na walishaonyesha udhaifu wao Afrika. Mussolini, aliyeteuliwa na mfalme wa Italia mwaka 1922 kwa hesabu zile zile za Papen, aliivamia Ethiopia tarehe 3 Oktoba 1935 na kumwaga gesi ya sumu juu ya watu. Shirikisho la Mataifa liliiwekea Italia vikwazo, lakini likaacha mafuta. Mfereji wa Suez nao, uliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, ukabaki wazi kwa meli za Italia. Paul Schmidt, mkalimani wa Hitler, aliandika kwamba baadaye Mussolini alikiri: vikwazo vingegusa mafuta, angeondoka Ethiopia ndani ya wiki moja. Vita hiyo ikiwa bado inaendelea, Machi 1936, Hitler alipeleka jeshi Rhineland kinyume cha mikataba. Hakuna aliyemgusa.

Ukimpa shubiri huchukua pima. Septemba 1938, mjini Munich, Chamberlain wa Uingereza na Daladier wa Ufaransa walimpa Hitler mikoa ya mpakani ya Czechoslovakia, yenye ngome zake nyingi za milimani, na wenye nchi hawakuitwa mezani. Miezi sita baadaye aliingia Prague na kutwaa viwanda vya Skoda. Jenerali wake Rommel alipoipasua Ufaransa mwaka 1940, sehemu kubwa ya vifaru vyake ilikuwa imeundwa na Wacheki. Kufikia hapo Poland ilikuwa imekwisha kuvamiwa, tarehe 1 Septemba 1939, siku chache baada ya Hitler na Stalin wa Muungano wa Kisovieti kuafikiana kuigawana, na dunia ilikuwa vitani.

Vita hiyo ilifika kwetu. Addis Ababa ilikombolewa kutoka kwa Waitalia tarehe 6 Aprili 1941, na miongoni mwa waliopigana njia nzima kutoka Kenya kupitia Somalia walikuwa askari wa keya, yaani wa jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Wanajeshi wa Kongo nao waliwashinda Waitalia huko Saïo, Ethiopia, mwezi Julai. Kisha maelfu ya watu wa keya walipandishwa meli kwenda Burma kupigana na Wajapani. Mwaka 1935 London na Paris zingeweza kumzuia Mussolini kwa kuzuia meli za mafuta na kufunga mfereji mmoja. Zilikataa gharama hiyo, na sehemu ya deni lake ikalipwa na vijana wa Ukambani, Acholi na Unyamwezi.