Mukuru: Mashirika ya Wakazi Yanavyosaidia Kupanga Mtaa Bila Kumwacha Mtu Nje

Barabara mpya inapopimwa katika mtaa wa mabanda, mkazi huuliza kwanza iwapo chumba alichopanga kitabaki au kitabomolewa. Swali hilo ndilo lililotawala mazungumzo ya kupanga upya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, mitaa mitatu jirani jijini Nairobi yenye familia zipatazo 100,000.

Mnamo Agosti 2017, Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza mitaa hiyo kuwa Eneo Maalum la Mipango. Maana yake ni kwamba ujenzi mpya ulisimamishwa kwa miaka miwili ili mpango mmoja wa eneo zima uandaliwe. Kisheria, mamlaka ya kupanga ni ya kaunti. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi ya kuwahesabu wakazi, kuwakutanisha na kuwaeleza ilifanywa na mashirika yasiyo ya kiserikali. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo ilivyofanyika na kile ambacho wakazi wa mitaa mingine wanaweza kujifunza.

Mashirika yenyewe

Muungano wa Wanavijiji ulianzishwa mwaka wa 1996 na wakazi wa mitaa ya mabanda waliokuwa wakipinga kufurushwa bila taarifa. Baadaye wanachama wake walianza vikundi vya akiba, ambapo kila mmoja huweka kidogo anachopata na kikundi huweka rekodi zake. Vikundi hivyo vimekuwa shule ya uongozi, hasa kwa akina mama, ambao ndio wengi ndani yake.

Muungano husaidiwa na mashirika mawili. SDI Kenya huleta wataalamu wa mipango, ramani na takwimu. Akiba Mashinani Trust hushughulikia fedha, ikiwemo mikopo kwa vikundi vinavyotaka kununua ardhi au kuboresha makazi.

Kwa nini utaratibu wa kawaida haukutosha

Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru iligawiwa watu binafsi na kampuni miaka mingi iliyopita kwa ajili ya viwanda vidogo. Viwanja vingi havikujengwa, na wananchi wakahamia humo. Kwa hivyo kuna mwenye hati, kuna mwenye kibanda, na kuna mpangaji. Wakazi wengi ni wapangaji. Mkutano wa mipango unaowaita wenye ardhi na wenye vibanda peke yao huwaacha nje wengi wa wanaolala hapo kila usiku.

Tatizo la pili ni gharama. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 na vyuo vikuu kwa ushirikiano na mashirika haya ulionyesha kwamba mkazi wa Mukuru alikuwa akilipa zaidi ya mara mbili ya bei ya maji inayolipwa katika mitaa iliyopangwa, kwa kipimo kilekile. Anayenunua maji kwa mtungi hulipa zaidi kuliko aliye na mfereji nyumbani. Umeme wa kuunganishiwa kiholela nao ulikuwa ghali zaidi, na ni hatari.

Tatizo la tatu ni nafasi. Viwango vya kawaida vya upana wa barabara viliwekwa kwa mitaa yenye viwanja vikubwa. Vikitumika vivyo hivyo mahali ambapo vyumba vimegusana, barabara humeza nyumba nyingi. Lakini kuacha njia zilivyo pia kuna hatari. Moto ukizuka, gari la zimamoto hukwama mbali. Wakazi wa Nairobi wanakumbuka mkasa wa Septemba 2011 katika mtaa wa Sinai, ambapo petroli iliyovuja kutoka kwa bomba ililipuka na kuua watu wapatao 100.

Kwa hivyo mpango ulihitaji mizani kati ya njia za kutosha na nyumba chache iwezekanavyo za kubomolewa. Mizani hiyo haiwezi kupatikana bila kuzungumza na wanaoishi hapo.

Hatua tatu za kuwashirikisha wakazi

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Wakazi waliopewa mafunzo hupita mlango kwa mlango, huandika nambari kwenye kila jengo na kuuliza nani anaishi humo, kama mpangaji au mwenye nyumba. Shule, choo, duka na kibanda cha kuuza mboga vyote huingia kwenye ramani. Kisha orodha hurudishwa kwa wakazi ili waikague. Aliyesahaulika huongezwa, na jina lisilojulikana na majirani huulizwa. Orodha iliyokaguliwa hadharani ni vigumu kuchakachuliwa baadaye.

Hatua ya pili ni kupanga watu katika makundi madogo. Huko Mukuru, nyumba kumi ziliunda kundi moja lenye mwakilishi wake. Makundi hayo yaliunganishwa kuwa makubwa zaidi, hadi ngazi ya eneo zima. Kwa njia hii, taarifa ya mkutano hufika mlangoni, na maoni ya mama mjane, kijana asiye na kazi au mtu anayetumia kiti cha magurudumu yana njia ya kupanda hadi mezani. Katika baraza la watu elfu moja, wenye sauti kubwa ndio husikika.

Hatua ya tatu ni kuwaketisha wataalamu pamoja. Kaunti ilikubali kazi igawanywe kwa makundi ya kitaalamu: ardhi, nyumba na barabara, maji na usafi, afya, elimu, mazingira, fedha, na ushirikishaji wa jamii. Kila kundi lilikuwa na maafisa wa kaunti, vyuo vikuu na mashirika. Rasimu zao zilirudishwa mitaani ili wakazi wazijadili.

Kilichopatikana

Kuanzia mwaka wa 2020, barabara, visima, vituo vya afya na mabomba ya maji taka vilianza kujengwa katika eneo hilo. Mfano mzuri ni mabomba ya maji taka ya gharama nafuu. Mabomba haya ni membamba, hayazikwi kwa kina kirefu kama yale ya barabara kuu, na yanaweza kupitishwa kwenye vichochoro. Mbinu hiyo ilianzia Brazil. Faida yake ni kwamba mtaa hupata choo cha kusukumwa kwa maji bila kubomoa safu nzima ya nyumba.

Kilichobaki

Mpango mzuri peke yake haumlindi mkazi. Mwishoni mwa mwaka wa 2021, maelfu ya watu walipoteza makao yao katika ubomoaji huko Mukuru kwa Njenga wakati wa upanuzi wa barabara, ndani ya eneo lilelile lililokuwa limefanyiwa mpango. Tukio hilo lilionyesha kwamba makubaliano ya mezani ni lazima yaheshimiwe na kila taasisi inayotekeleza mradi.

Suala la hati za ardhi pia bado ni gumu, na mtaa unapopata barabara na taa, kodi ya nyumba hupanda. Mpangaji asipowekwa kwenye mpango, huduma mpya zinaweza kumfukuza taratibu bila tingatinga.

Mkazi anaweza kufanya nini

Katiba, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa, usafi na maji safi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inaitaka kaunti kuwashirikisha wananchi katika mipango. Mkazi anayetaka kutumia haki hizo anashauriwa:

• Kuhudhuria vikao vya maoni ya umma katika wadi yake, awe mwenye nyumba au mpangaji.

• Watu wanapohesabiwa mtaani, kuhakikisha jina lake na nambari ya jengo analoishi zimeandikwa sawasawa, na kuomba kuona orodha kabla haijafungwa.

• Kuuliza shirika lolote linalokusanya taarifa limesajiliwa wapi na takwimu zitatumiwa vipi. Tangu Mei 2024, mashirika ya manufaa ya umma yanasimamiwa na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka wa 2013.

• Kutolipa pesa zozote ili aandikishwe. Kuhesabiwa ni bure.

• Kuweka nakala ya risiti za kodi au barua yoyote inayoonyesha anapoishi.

Anayehitaji maelezo zaidi kuhusu mpango wa mtaa wake anaweza kufika katika ofisi ya msimamizi wa wadi au idara ya mipango ya miji ya kaunti na kuomba kuonyeshwa ramani. Ni haki yake kuiona kabla barabara haijapimwa.