Usubi, Inzi wa Mtoni Aharibuye Macho

Ndugu msomaji wa Luberizi, wewe uliyezoea kelele za maji yashukayo milimani kwenda Ruzizi, huenda umepata kumwona kipofu akiongozwa na mjukuu wake, kila mmoja ameshika ncha ya fimbo moja. Watu hunong'ona: "Amerogwa." Wengine husema ni uzee tu. Lakini upo upofu uletwao na mnyoo.

Mwaka 1932 daktari Mbelgiji, Jean Hissette, alieleza habari za vipofu aliowakuta kando ya mto Sankuru, katika Kongo yetu. Alionyesha kwamba macho yao yaliharibiwa na minyoo. Mwaka 1934 wataalamu wa Marekani walifika kuchunguza, wakaona asemavyo ni kweli.

Mchukuzi wa minyoo hao ni usubi, inzi mdogo mweusi, aumaye mchana. Hazaliwi katika vidimbwi kama mbu, bali penye maji yaendayo kasi. Basi si kunywa maji ya mto wala kunawa uso kunakoleta ugonjwa huu. Ni kuumwa na inzi, tena mara nyingi, miaka mingi. Minyoo wakubwa hukaa katika vinundu chini ya ngozi, nao huweza kuishi miaka 10 na zaidi. Majike huzaa watoto maelfu, wasioonekana kwa macho. Hao hutambaa katika ngozi, mgonjwa akajikuna usiku kucha. Wengine huingia machoni. Wakifa humo, jicho huvimba na kuwa jekundu, na kioo chake hufanya ukungu, mwaka kwa mwaka, hata giza likaingia.

Dawa ni ivermektini. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck huitoa bure kwa ugonjwa huu. Mgawaji humpima mtu urefu, kisha humhesabia vidonge. Wako wanaojificha, kwa kuwa jirani alimeza akawashwa na kuvimba. Mara nyingi ni watoto wa minyoo wanaokufa; hata hivyo mgawaji aambiwe upesi, hasa kule kwenye loa, mnyoo mwingine aonekanaye akipita juu ya jicho, kwani huko dawa hii yaweza kudhuru. Mnyoo mkubwa hafi kwa dozi moja, ndiyo maana dawa hurudiwa kila mwaka. Nayo haimrudishii kipofu macho yake.

Mjukuu ashikaye fimbo, akiwa amepita miaka 5, anayo haki ya kidonge chake. Mama yake mjamzito atangoja kwanza ajifungue.