Mdhamini Yuko Nyumbani: Eduroam na Intaneti ya Vyuo Vikuu

Mwanafunzi anayesomea Eldoret akisafiri hadi Nairobi kutafuta marejeleo ya tasnifu yake katika maktaba ya chuo kingine, huwa mgeni huko. Hana nambari ya usajili ya chuo hicho wala nywila ya mtandao wake. Pasipo mpango maalum, humlazimu kuomba ruhusa ofisini au kununua data kwa fedha zake. Eduroam ni huduma iliyobuniwa ili kumwondolea mgeni kama huyu adha hiyo.

Wazo la huduma hii lilitolewa mwaka wa 2002 na Klaas Wierenga, aliyekuwa akifanya kazi katika SURFnet, mtandao wa elimu na utafiti wa Uholanzi. Ilianzia katika nchi chache za Ulaya, na sasa inapatikana katika zaidi ya nchi 100. Nchini Kenya husimamiwa na KENET, mtandao unaounganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti.

Msingi wa eduroam ni udhamini. Chuo mwenyeji hakimjui mgeni, wala hakihitaji kumjua. Chuo atokako ndicho kinachomdhamini. Mgeni hujitambulisha kwa jina linalofanana na anwani ya baruapepe, na sehemu inayofuata alama ya @ hutaja chuo chake. Seva ya mwenyeji husoma sehemu hiyo, kisha hulipeleka ombi kwa seva ya kitaifa, nayo huliwasilisha kwa chuo husika. Ikiwa mgeni ametoka ng'ambo, ombi hupitia pia seva za kimataifa. Chuo chake huikagua nywila na kujibu: aruhusiwe au akataliwe. Yote haya huchukua sekunde chache tu, na nywila husafiri ikiwa imefichwa kwa msimbo ambao mwenyeji hawezi kuufumbua.

Hata hivyo, usalama huo una sharti. Mlaghai anaweza kuweka kifaa chake cha Wi-Fi mkahawani, akakiita eduroam, na kuwangoja wasiojihadhari. Kinga dhidi yake ni cheti cha seva, yaani kitambulisho ambacho seva ya chuo huonyesha kabla ya kupewa nywila. Simu au kipakatalishi kilichotayarishwa ipasavyo hukikagua cheti hicho na kukataa kuendelea kikiwa cha bandia. Mwanafunzi anayepuuza ukaguzi huo kwa sababu ya haraka huenda akamkabidhi mwizi nywila ambayo aghalabu ndiyo inayofungua pia baruapepe yake na matokeo yake ya mitihani. Kwa hivyo, ni bora kutumia programu ya matayarisho iitwayo eduroam CAT, au maelekezo rasmi ya chuo, na kuijaribu huduma hii nyumbani kabla ya safari.

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Chuo kinachowapokea wageni leo bila malipo, kesho wanafunzi na wahadhiri wake watapokelewa kwingine vivyo hivyo. Naye mgeni hana budi kukumbuka kwamba akizivunja kanuni ugenini, jina linalochafuka si lake pekee, bali pia la chuo kilichomdhamini.