Fizikia Moja, Milango Mitatu
Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, fizikia ya utangulizi hufunzwa kwa njia tatu. Wanafunzi wa uhandisi hutumia kalkulasi. Wa biolojia hutosheka na aljebra. Wa sanaa hufafanuliwa dhana kwa maneno, mkondo uliokuzwa na kitabu cha Paul Hewitt cha mwaka 1971.

Mfano ni istilahi "kazi", yaani kani mara umbali ambao kitu kimesogezwa kuielekea kani hiyo. Hamali aliyesimama tuli na gunia begani hutokwa na jasho, ilhali kifizikia halifanyii gunia kazi yoyote. Mhandisi hulithibitisha hilo kwa hesabu; mwanasanaa hutegemea maneno pekee. Hivyo, mlango wa tatu si mwepesi: istilahi ikipotoka, dhana nayo hupotea.