Mbeleko Inayokaa Vizuri

Treni ya reli ya kati ikitoka Dodoma kwenda Tabora hupita Itigi, ikakata pori refu, kisha ikafika Tura. Ni stesheni ndogo wilayani Uyui. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mtu aliyefika Tura kwa miguu alikuwa na sababu ya kumshukuru Mungu, maana alikuwa ameshaivuka Mgunda Mkali, nyika yenye shida ya maji inayotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Mwingereza Richard Burton alipita hapo mwaka 1857 akielekea Tabora, na aliandika kwamba jina la mahali hapo lina maana ya kuweka mzigo chini. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: Tura ni tua.

Waliotua hapo walikuwa na pembe, majora ya nguo na shanga, kilo 30 na zaidi kwa mpagazi mmoja. Tukisoma habari za misafara hiyo huwa tunawaona wanaume tu, lakini mwanahistoria Stephen Rockel, aliyewachunguza wapagazi wa Kinyamwezi kwa miaka mingi, ameonyesha kuwa wanawake nao walikuwa njiani: wake za wapagazi, wapishi, wauza vyakula, hata wabebaji wa mizigo kwa ujira wao wenyewe. Watoto wao waliandamana nao. Na mtoto ni mzigo wa namna yake. Pembe ya ndovu haina shingo inayolegea, wala haizibwi pua na nguo.

Nguo yenyewe tunaiita mbeleko, kutokana na kubeleka, yaani kubeba mgongoni. Katika ndoa za Waswahili mbeleko imekuwa na heshima yake: kando ya mahari, upande wa bwana harusi hutakiwa kutoa mkaja na mbeleko kwa ajili ya mama wa bibi harusi, shukrani kwa tumbo lililofungwa baada ya uzazi na mgongo uliombeba binti. Siku hizi hutolewa fedha, na wazee huzijadili kwa ukali wote wa sokoni.

Mtazame mama aliyezoea anavyofanya. Huinama mpaka mgongo wake unakuwa kama meza, humtelezesha mtoto kutoka ubavuni hadi katikati ya mabega, kiwiko kimoja kikimzuia asianguke. Kanga hurushwa juu ya mtoto, pindo la juu likafika usawa wa shingo yake, la chini likakunjwa chini ya makalio. Kisha huja ile hatua ambayo wageni huiona kama madoido: mama hujitikisa mara moja au mbili. Hapo mtoto hushuka na kukaa, uzito wake ukaondoka kwenye miguu ukaingia kwenye makalio. Ndipo fundo hufungwa, juu ya matiti, au kifuani kwa ncha moja iliyopita begani na nyingine iliyotoka chini ya kwapa.

Hatua hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama mtoto atalala au atalia. Mtoto aliyekaa vizuri huwa na mapaja yaliyopanuka kukumbatia mwili wa mama, magoti yakiwa juu kidogo kuliko makalio, mfano wa chura. Akining'inizwa miguu ikiwa imenyooka na kubanwa pamoja, kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa ndani ya nyonga, na katika miezi ya mwanzo kiungo hicho bado ni laini. Nchini Malawi, ambako akina mama hubeba mgongoni kama wa Tabora, madaktari wa mifupa walipitia kumbukumbu za watoto zaidi ya 40,000 waliotibiwa kwa takriban miaka kumi, hadi 2012. Hawakukuta hata mtoto mchanga mmoja aliyefanyiwa upasuaji kwa sababu ya nyonga iliyokaa vibaya tangu kuzaliwa. Wanadhani mbeleko ina mchango wake, ingawa takwimu za namna hiyo haziwezi kuthibitisha peke yake.

Kwa kichanga wa wiki chache, hata hivyo, mgongo si mahali pa kuanzia. Shingo za watoto wengi hukaza wakiwa na miezi mitatu hadi minne. Kabla ya hapo kichwa huangukia kifuani, na njia ya hewa, ambayo ni nyembamba mno, hujikunja. Mama hana macho kisogoni. Kwa hiyo kichanga afungwe mbele, wima, kifua kwa kifua, sikio lake likiegemea mwili wa mama na uso ukiwa nje ya nguo. Mama akiinamisha kichwa kidogo aweze kumbusu utosini. Kati ya kidevu na kifua cha mtoto pabaki nafasi ya vidole viwili. Nguo ikaze kiasi kwamba mama akiinama mtoto habanduki kifuani, lakini isibane hata mbavu zishindwe kupanuka.

Kumbeba hivyo kuna faida zaidi ya kuachia mikono. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria, akiwa na upungufu wa mashine za joto, alianza kuwafunga watoto njiti kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021, uliohusu watoto 3,211 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Walioanza kubebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walifariki asilimia 12 ndani ya siku 28. Walioanza baada ya hali zao kutulia, asilimia 15.7. Kwa njiti, bila shaka, kufunga huko hufundishwa na muuguzi wodini.

Na ile mikoba ya dukani yenye mikanda na vifungo? Baadhi ni mizuri, hasa kama kitako chake ni kipana kutoka goti hadi goti. Wenye kitako chembamba kinachopita katikati ya miguu tu humning'iniza mtoto kama ufunguo msumarini. Mbaya zaidi ni ule wa umbo la fuko, ambamo kichanga hulala amejikunja kidevu kikigusa kifua. Machi 2010 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kuhesabu angalau vifo 14 vilivyohusishwa na vibebeo vya kutundika begani kwa miaka 20. Watoto 12 kati ya hao walikuwa hawajatimiza miezi minne. Bei kubwa haikuwa kinga.

Kanga ya pamba inatosha, ila isiwe mpya kutoka dukani. Kanga mpya ina wanga, inateleza na fundo halishiki. Ifuliwe mara mbili tatu kwanza. Kitenge cha nailoni huteleza hata kikizeeka, tena hakipitishi hewa. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, jua la Tabora halina huruma, na miili miwili iliyofungwa pamoja hupashana joto. Tabaka moja la nguo linatosha, na kanga ya pili inayotandazwa kichwani kumkinga jua isigeuke hema. Ncha za vidole za mtoto hazisemi ukweli kuhusu joto lake. Mama apeleke mkono kisogoni, chini ya shingo. Pakiwa na jasho, afunguliwe.

Kuna nyakati za kutua kabisa: mbele ya mafuta yanayochemka na moshi wa kuni, au mama anaposinzia. Bodaboda ni mjadala mwingine, kwa kuwa hakuna fundo lililobuniwa kwa ajili ya ajali. Mtoto akishafunguliwa, mapaja yake hukaguliwa kwa ndani. Alama nyekundu inayofifia kabla hajamaliza kunyonya ni ya kawaida. Ikiwa bado ipo baadaye, pindo la kanga lilikaa vibaya, na safari ijayo lishushwe kidogo kabla ya mama kujitikisa.