Kwa nini jua la dirishani halileti vitamini D

Katika nchi za baridi kama Uingereza ni jambo la kawaida kumketisha mzee au mtoto karibu na dirisha ili apate jua. Joto atalipata, na mwanga pia. Vitamini D hataipata, na sababu imo ndani ya kioo chenyewe.

Ngozi hutengeneza vitamini D inapopigwa na miale ya urujuanimno ya kundi B, yaani ile yenye urefu wa mawimbi usiozidi nanomita 315. Kioo cha dirisha huizuia karibu yote.

Asili ya kioo ni mchanga, ambao kitaalamu ni silika. Humo kila atomu ya silikoni hushikana na oksijeni nne, na kila oksijeni huunganisha silikoni mbili, mithili ya wavu uliofumwa bila mpangilio. Wavu huo ukiwa safi, urujuanimno hupenya bila shida. Ndiyo maana taa nyingi za kuua vijidudu vya maji, zitoazo miale ya nanomita 254, huundwa kwa kioo cha silika tupu.

Tatizo ni moto. Silika huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 1,700 za Selsiasi, na gharama yake si haba. Kwa hiyo viwanda huchanganya magadi, yakiwemo ya Ziwa Magadi nchini Kenya, ili kupunguza joto hilo, kisha huongeza chokaa ili kioo kisidhuriwe na maji. Silika hubaki asilimia 70 hivi. Lakini sodiamu iliyomo katika magadi huukata wavu: baadhi ya oksijeni hubaki zimeshikwa upande mmoja tu, na elektroni zake zilizolegea hufyonza urujuanimno kwa wepesi zaidi.

Mkosaji mkuu, hata hivyo, ni chuma kinachoingia pamoja na mchanga. Sehemu moja katika elfu yatosha kuifunga njia. Ndicho pia kinachoupa ukingo wa kioo rangi ya kijani.

Katika miaka ya 1920 Waingereza walitengeneza kioo chenye chuma kidogo sana, kilichoitwa Vita Glass. Urujuanimno ulipita, ila jua lenyewe likakibadilisha chuma kilichosalia, na uwezo huo ukafifia.

Miale ya kundi A, inayozeesha ngozi, hupita dirishani kila siku.

Nchini Uingereza, kuanzia Oktoba hadi mapema Machi, hata jua la nje halitoshi. Tangu mwaka 2016 serikali huwashauri watu kufikiria kutumia mikrogramu 10 za vitamini D kila siku katika miezi hiyo, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima.