Kila Sanaa na Masharti Yake

Mtu anayetazama mchoro wa Tingatinga kwa mara ya kwanza huweza kulalamika kwamba chui aliyechorwa hafanani na chui. Akionyeshwa kinyago cha Wamakonde atasema kinatisha, na kanga iliyoanikwa uani hataitazama kabisa. Chanzo ni kimoja: anapima kila kitu kwa kipimo cha picha ya kamera. Kuthamini sanaa hakudai kipaji cha kuzaliwa nacho wala cheti cha chuo. Kunadai kujua kila sanaa ina masharti gani, kisha kutazama fundi amefanya nini ndani yake.

Kanga ndiyo shule iliyo karibu zaidi, maana haikosekani majumbani mwetu. Masharti yake yanafahamika: pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Mbunifu hawezi kuvunja mpango huo bila kuacha kutengeneza kanga, kwa hiyo ubunifu wake wote unabanwa humo. Lazima aamue kama pindo litaupamba mji au litaumeza, na kama rangi zake chache zitaonekana vizuri kwa mbali nguo ikiwa mwilini. Maneno nayo yawe machache, ila yamfikie aliyekusudiwa bila kumtaja. Mwanamke anayesoma jina kwanza kabla ya kulipia doti tayari ni mhakiki wa fasihi. Macho yaleyale makali yakihamia kwenye pindo na mji, ameingia katika uhakiki wa michoro.

Kwa wachoraji na wachongaji, masharti hutokana zaidi na malighafi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968, alitumia vipande vya hadibodi vya takriban sentimita 60 kila upande, pamoja na rangi za mafuta zinazong'aa, za aina inayopakwa kwenye baiskeli. Mara nyingi mnyama mmoja alijaza ubao mzima, na nyuma yake ikabaki rangi moja tupu. Anayejua hivyo hutazama jinsi mkia unavyofuata kona ya ubao na madoa yalivyopangwa, na suala la kufanana humtoka akilini. Mchongaji wa Kimakonde naye amefungwa na gogo la mpingo, mti unaokua polepole kwa miongo mingi na ambao mbao yake ni ngumu mno. Alichokwisha kukata hawezi kukirudisha. Katika mtindo wa ujamaa, watu wengi hubebana kutoka chini hadi juu, wote wakiwa wametolewa kwenye gogo moja. Mtindo wa shetani huuvuruga mwili wa binadamu kwa makusudi, kwani kinachochongwa ni pepo, na pepo hana sura inayomlazimu.

Wapo watakaosema kwamba kanga ni vazi na mlango ni mlango, sanaa ni ile inayotundikwa ukutani. Lakini milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ingefunga nyumba vilevile bila nakshi. Fremu na mfaa vilichongwa ili mpita njia ajue mali na heshima ya mwenye nyumba. Wengine watasema kila mtu na ladha yake. Ni kweli, na hakuna anayelazimishwa kupenda. Hata hivyo, asiyependa taarabu anaweza kutambua ufundi wa mwimbaji, na anayeyajua masharti ya kazi ana sababu za kutetea anachokipenda. Pingamizi zito zaidi ni la umaskini: anayehangaikia unga atapata wapi muda wa nakshi? Jibu limo katika maisha ya wasanii wenyewe. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyerekodi nyimbo Bombay mwaka 1928, alizaliwa Fumba katika familia ya wafinyanzi na aliwahi kuuza vyungu. Wamakonde wengi waliingia Tanganyika kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Sanaa hizi zilitoka mikononi mwa watu waliohangaika, na kudai kwamba maskini hawana nafasi nazo ni kuwanyang'anya kilicho chao.

Faida ya kujifunza haya huonekana pia sokoni. Mnunuzi asiyetofautisha hulipa bei ileile kwa kinyago kilichofikiriwa na kwa mti wa kawaida uliopakwa rangi nyeusi, ingawa mpingo halisi ni mzito hata huzama majini. Fundi hodari akiona hivyo, hana sababu ya kutumia wiki kadhaa kwa kazi itakayolipwa kama ya siku mbili. Basi kabla ya kusema kitu ni kizuri au kibaya, tujiulize kimetengenezwa kwa malighafi gani, kwa matumizi gani, na fundi alichagua nini pale alipoweza kuchagua vingine. Maswali hayo hayagharimu chochote, nayo ndiyo yatakayowapa mafundi wetu wateja wanaostahili kazi nzuri.